Jinsi ya kuchagua jina la Kifini la mtoto wa kiume (na kwa nini kila Mfini ana Juhani mahali fulani)

Wengi wetu majina ya Kifini tuliyasikia kwenye Safari Rally kabla hata hatujajua Ufini iko wapi kwenye ramani. Hannu Mikkola alikuja 1972 akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda yale mashindano, Ari Vatanen akachukua 1983, Juha Kankkunen akachukua mara tatu (1985, 1991 na 1993), Tommi Mäkinen 1996, halafu juzijuzi tu Kalle Rovanperä 2022 na tena 2024. Sasa angalia hayo majina vizuri: Hannu na Juha ni jina moja, yote mawili ni Yohana. Tommi ni Tomaso. Kalle ni Karl. Ndo hivyo majina ya wanaume wa Kifini yalivyo, yaani ukiyaona kwa juu unadhani ni mia tofauti, ukichimba unakuta ni koo chache tu zenye watoto wengi.

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya wazazi Waswahili walioko Ufini, mliofika kwa masomo, kwa ndoa, kwa kazi, au familia za Kongo zilizoletwa kwa mpango wa wakimbizi, mna mtoto wa kiume njiani na mnataka awe na jina linalokaa vizuri huko na nyumbani pia. Na kama huna mtoto ila una shemeji Mfini ambaye kitambulisho kinasema Juha Matti Tapani na kila mtu anamwita Matti, soma tu, utaelewa.

HATUA YA 1: Jua sheria inasemaje, haichukui muda

Sheria ya majina inayotumika sasa ilianza tarehe 1 Januari 2019. Mtoto anaweza kupewa majina ya kwanza hadi manne (zamani mwisho ilikuwa matatu), hapo jina la ukoo halimo. Jina lenye kistari katikati kama Juha-Matti linahesabiwa moja. Mna miezi mitatu tangu kuzaliwa kupeleka jina, kwa hiyo hata wale wenye kawaida ya kumpa mtoto jina siku ya saba kwenye akika mna nafasi ya kutosha kabisa, hakuna wa kuwakimbiza.

Jina lisiwe la kumletea mtu aibu au madhara, liwe na umbo la jina na siyo namba au alama za ajabu, na la mvulana lisiwe lile ambalo pale Ufini limeshakaa kuwa la kike. Lakini wana mlango wa pembeni: ukiwa na sababu ya kidini, au uraia, au undugu na nchi nyingine, unaruhusiwa kutumia jina la desturi ya kwenu hata kama Wafini hawajawahi kulisikia. Kwa hiyo Juma, Baraka, Bahati, Mwinyi, usiogope. Likitokea jina la utata kuna bodi ya majina, wanaiita nimilautakunta, huwa inaombwa maoni.

Pia watoto wa familia moja hawapewi jina lilelile moja likiwa ndilo jina lao pekee. Wale wa kwetu wanaotaka kina Hassan wawili, mkubwa na mdogo, hapo mjipange.

HATUA YA 2: Tafuta ukoo wa jina kabla hujalipenda

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka halafu wanakuja kugundua wamempa mtoto majina mawili ambayo ni jina moja. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi mpaka 1809, halafu chini ya Urusi mpaka uhuru 1917. Karne na karne majina ya watakatifu yalikuwa yanaingia kupitia Kiswidi, mchungaji anaandika kwenye kitabu cha kanisa Johan, Henrik, Anders, lakini nyumbani mtu huyo huyo anaitwa Juho, Heikki, Antti. Ulimi wa Kifini wa zamani haukupenda konsonanti mbili kuanza neno, na herufi kama b, f na g zilikuwa ngeni, kwa hiyo majina yalikatwa na kukarabatiwa kama sisi tulivyomfanya Petro na Stefano. Kristoffer akawa Risto. Bengt akawa Pentti. Filip akawa Vilppu. Stefano wetu kule akawa Tapani, pia Teppo, pia Tahvo. Gustav akawa Kustaa, na kwa njia nyingine akawa Kyösti, ndo maana wana rais wa zamani anaitwa Kyösti Kallio na huwezi kabisa kuhisi kwamba ni Gustav mle ndani.

Sasa ukoo mkubwa kuliko wote ni wa Yohana. Juhani, Juhana, Juha, Juho, Jussi, Jukka, Janne, Jani, Hannu, Hannes, Johannes, wote hao ni Yohana. Ukihesabu majina yote ya kwanza, la pili na la tatu yakiwemo, Juhani ndo jina la kiume lililobebwa na watu wengi zaidi Ufini nzima, limejaa kwenye nafasi ya katikati kama Mohamed ilivyojaa kwenye mitaa ya Pemba. Kwa hiyo ukisema mtoto ataitwa Jukka Juhani, haikatazwi, ila umemwita Yohana Yohana.

Koo nyingine za haraka haraka: Petro ana Pekka, Petri, Petteri na Pietari. Mikaeli ana Mikko, Mika, Miika, Miikka na Mikael. Andrea ana Antti, Antero na Atte. Georgi ana Yrjö, Jyrki na Jyri (ndiyo, hayo yote). Erik ana Eero, Erkki na Eerik. Lars ana Lauri na Lasse, yule Lasse Virén aliyebeba dhahabu za mita 5,000 na 10,000 Olimpiki ya 1972 halafu akarudia zote mbili 1976, huyo ni Laurenti. Paulo ndo Paavo, na Paavo Nurmi ana dhahabu tisa za Olimpiki, kwa wapenda riadha hilo jina lina uzito wake. Yakobo ni Jaakko. Bartholomayo aliyekuwa mrefu hivyo wakamkata akabaki Pertti au Perttu.

Kwa ndugu zangu Waislamu, hapa pana uchumi mzuri sana maana manabii wapo kwenye orodha ya Kifini, ni tahajia tu imebadilika. Elias ni Ilyasi na kwa miaka ya karibuni ni moja ya majina yanayopendwa zaidi kwa watoto wa kiume. Joona au Joonas ni Yunus. Nooa ni Nuhu. Aatami ni Adam. Iisakki ni Is-haka, Jooseppi ni Yusufu, Daavid ni Daudi. Mtoto akiitwa Elias hakuna bibi Zanzibar wala mwalimu wa chekechea Tampere atakayeuliza swali.

HATUA YA 3: Au nenda kwenye majina ya Kifini yenyewe

Mpaka katikati ya karne ya 19 majina yalikuwa ya kanisa na ya Kiswidi zaidi. Kilichogeuza mambo ni mwamko wa lugha. Elias Lönnrot alizunguka akikusanya nyimbo za zamani, hasa upande wa Karelia (eneo la mpakani na Urusi), akazitoa kwenye kitabu cha Kalevala, toleo la kwanza 1835, na lile refu 1849, na kutoka humo wazazi wakaanza kuchota majina: Väinö kutoka kwa Väinämöinen yule mzee wa nyimbo, Ilmari kutoka kwa mhunzi Ilmarinen, Jouko kutoka kwa Joukahainen, Tapio ambaye ni mwenye msitu, Ahti wa majini, Kalevi na Kaleva, Sampsa, Kauko. Hata Seppo inatokana na huyo huyo mhunzi. Kullervo nalo ni jina watu wanalo, ila aliyesoma hadithi yake ilivyoisha anasitasita kidogo.

Pamoja na hayo wakaja na majina yenye maana ya moja kwa moja, na hapa Mswahili anajisikia nyumbani kabisa maana ndo tabia yetu, kina Baraka, Tumaini, Furaha na Shujaa. Onni ni bahati njema, furaha. Toivo ni tumaini. Urho ni shujaa. Armas ni mpendwa. Arvo ni thamani. Oiva ni bora kabisa. Voitto ni ushindi. Usko ni imani. Into ni hamasa. Aarre ni hazina. Otso ni dubu, ila ni lile jina la heshima la dubu. Vesa ni chipukizi la mti. Kwa hiyo baba anayeitwa Tumaini akimwita mwanawe Toivo, amemrithisha jina lake na hakuna aliyeona.

Na Toivo lilishafika Afrika zamani sana. Wamisionari wa Kifini walikwenda Ovamboland, kaskazini mwa Namibia ya leo, mwaka 1870, na majina yao yakabaki huko mpaka kesho. Mpigania uhuru Andimba Toivo ya Toivo, aliyekaa Robben Island mpaka 1984, tumaini lile ni la Kifini.

Mwamko huohuo uligusa hadi majina ya ukoo. Tarehe 12 Mei 1906, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe J. V. Snellman, mwanafalsafa aliyeitetea lugha ya Kifini, makumi ya maelfu ya watu waliacha majina ya Kiswidi wakachukua ya Kifini. Mchoraji Axel Gallén akawa Akseli Gallen-Kallela. Wengine hawakusubiri, rais J. K. Paasikivi alizaliwa Johan Gustaf Hellsten akabadili yote akiwa bado kijana, Johan akawa Juho, Gustaf akawa Kusti, na Hellsten ikawa Paasikivi. Ni vizuri ukijua hili kabla hujabishana na baba mkwe juu ya jina la mjukuu, kwao jina lina historia ya siasa ndani yake.

HATUA YA 4: Angalia umri wa jina

Hapa ndo wageni tunaanguka sana. Jina la Kifini lina umri. Ukisikia jina tu, Mfini anakisia mtu kazaliwa lini, na mara nyingi hakosei mbali.

Kina Jari, Timo, Ari, Pasi, Jukka na Kari ni wa miaka ya 1950 na 1960, sasa hivi ni wababa wenye wajukuu au wanakaribia pensheni. Mika, Marko, Sami, Jani, Petri, Janne ni wa 1970 kuendelea. Ville, Joonas, Niko, Jesse, Aleksi ni watu wa 1980 na 1990. Hayo siyo majina mabaya hata kidogo ila ukimpa mtoto mchanga leo jina la Jari, walimu watatabasamu, ni sawa na kumwona mtoto wa chekechea kavaa kaunda suti.

Sasa uzuri ni kwamba majina yanarudi. Kuna mzunguko wa karibu miaka 100, jina linalovaliwa na wazazi wako unaliona limechakaa, la babu unaliona la kizee, lakini la baba wa babu hujamjua ukiwa na akili zako kwa hiyo linakuja likiwa safi. Ndo maana Eino, Väinö, Toivo na Onni, ambayo yalikuwa moto mwanzoni mwa karne ya 20, yakazikwa, na sasa yamejaa tena kwenye bustani za watoto pamoja na Leo, Elias na Oliver. Kwa hiyo ukitaka jina la Kifini linalosikika la kisasa, cha ajabu ni kwamba uende makaburini ukasome mawe ya mwaka 1910. Pentti na Reino bado hayajapona, kwa maoni yangu yatapona tu.

Huna haja ya kukisia. Ofisi inayosimamia takwimu za watu, Digi- ja väestötietovirasto, kwa kifupi DVV, ina huduma mtandaoni inaitwa Nimipalvelu, bure, unaandika jina inakuonyesha wangapi wamepewa, wanaume kwa wanawake, na kwa vipindi vya miaka. Andika Jari uone idadi ilivyopanda halafu ikashuka. Halafu andika Väinö uone ilivyojaa, ikapotea, ikajaa tena. Fanya hivyo kwa kila jina mlilonalo kwenye listi, na hapo hapo utagundua kama jina kule ni la kike, maana sikio letu halisaidii. Sisi tumezoea Esa, Jukka, Pekka, Juha kuishia na a kama Musa na Juma, sawa, kule pia ni ya kiume, lakini Meri, Tuuli, Lumi na Pilvi ni ya kike. Kari kwa Wafini ni mwanaume wakati Norwe, hapo jirani tu, ni mwanamke.

HATUA YA 5: Epuka mitego ya mtaani

Kuna majina halali kabisa, yako kwenye kalenda, ila mtaani yamepata kazi nyingine. Yrjö ni jina la heshima, lakini kwa lugha ya vijana yrjö ni matapishi. Urpo ni tusi la kumaanisha mjinga. Uuno hivyo hivyo, limeharibiwa na mhusika wa sinema za vichekesho. Jorma... Jorma mwulize shemeji akiwa peke yake, siyo mezani. Hakuna ofisi itakayokukataza kwa sababu watu wazima wengi tu wanaitwa hivyo na wanaheshimika, ila mtoto atakwenda shule, na shule ni shule.

Matti siyo mtego ila lijue: Matti Meikäläinen ndo lile jina la mfano kwenye fomu, yaani fulani bin fulani wao. Na wakisema fulani ana Matti kwenye pochi, maana yake hana hata senti.

HATUA YA 6: Zipange nafasi, la kwanza ni la mtoto, la pili ni la ukoo

Ukiniuliza mimi, mila za Kifini za majina zimejificha kwenye jina la pili na la tatu, la kwanza ni fasheni tu. La kwanza wazazi wanachagua wanalolipenda, la pili wanalipia deni: babu, baba, mjomba, kummi (yule mzazi wa ubatizo). Ndo maana kina Juhani, Johannes, Olavi, Mikael, Tapani, Antero, Kalevi na Ilmari hawafi, wanahama tu kutoka mbele kwenda katikati.

Mfano mzuri ni mtu aliyekaa kwetu. Martti Ahtisaari, aliyekuwa balozi wa Ufini Tanzania kuanzia 1973 mpaka 1977, baadaye akawa rais na mwaka 2008 akapata Nobel ya Amani, majina yake kamili ni Martti Oiva Kalevi. Oiva ni jina la baba yake. Kalevi ni lile la Kalevala. Martti ni Martini wa kanisani. Ndani ya mtu mmoja una kanisa, baba na taifa. Na hilo Ahtisaari lenyewe lilichukuliwa, familia ilikuwa inaitwa Adolfsen, walitokea Norwe.

Kwetu Tanzania tumezoea jina la mtoto, la baba, la babu. Kwa nafasi nne unaweza kabisa kufanya yote: la Kifini, la Kiswahili, la babu mzaa baba, la babu mzaa mama, ukoo ukafuata mwishoni. Ila matatu yanatosha, jamani, huyo mtoto atajaza fomu maisha yake yote.

Jina analoitwa mtu kila siku linaitwa kutsumanimi, na siyo lazima liwe la kwanza. Unaweza hata kuliandikisha DVV kuwa ndilo. Mannerheim, yule jemadari, alikuwa Carl Gustaf Emil lakini akiitwa Gustaf. Rais wa sasa anaitwa Cai-Göran Alexander Stubb, dunia inamjua kwa Alexander. Sibelius mtunzi wa muziki alikuwa Johan Julius Christian, nyumbani akiitwa Janne, kwenye kazi akajiita Jean, yaani Yohana mmoja kwa nguo tatu. Hii inawasaidia sana wazazi wasiokubaliana: jina la upande wa mama litangulie, la upande wa baba ndo aitwe, au kinyume, wote mmeshinda.

Majina ya kuunganisha kwa kistari, Jukka-Pekka, Olli-Pekka, Esa-Pekka, Veli-Matti, ni ya kizazi cha kati kati hivi, kila mtu anaishia kuitwa kwa herufi mbili tu. Hata Kimi Räikkönen, yule dereva wa Formula One, kwenye karatasi ni Kimi-Matias. Na usishangae mtoto akibatizwa tena na wenzake, Timo anakuwa Timppa, Ari anakuwa Arska, Jaakko anakuwa Jaska, hayo huna mamlaka nayo.

HATUA YA 7: Lijaribu kwa sauti, na kwenye kompyuta

Mkazo wa Kifini uko mwanzo wa neno, wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la silabi mbili halina shida, Lauri, Onni, Eino, Leo, linatua vizuri popote. Ukienda kwenye Aleksanteri, bibi ataliweka mkazo pale anapotaka yeye. J inasomwa y, kwa hiyo Juho ni Yuho, na Jani ni Yani, na hapo ukumbuke kwenye karatasi bongo watalisoma jani la mti. Pasi nalo litasomwa pasi ya nguo. Ari limebahatika, ari ni ari.

Herufi mbili siyo pambo. Mika, Miika na Miikka ni majina matatu tofauti na karani akikosea herufi moja huyo ni mtu mwingine. Halafu kuna Ä na Ö: ile mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haizijui, Ä inageuzwa AE na Ö inakuwa OE, kwa hiyo Väinö anakuwa VAEINOE, wakati tiketi ya ndege imeandikwa VAINO, na afisa wa airport anawaangalia mtoto, tiketi, na wewe. Ni jina zuri mno na halikatazwi, ila kama familia itakuwa inaruka kwenda Dar au Goma kila likizo, Toivo ana usafiri mwepesi zaidi.

HATUA YA 8: Angalia kalenda

Wafini wana siku ya jina, nimipäivä. Karibu kila siku ya mwaka ina majina yake, kalenda inasimamiwa na ofisi ya almanaka ya Chuo Kikuu cha Helsinki, na siku yako ikifika unapewa hongera, kazini unaweza kuleta pulla (mkate wao mtamu) au keki watu wanywe kahawa (watakunywa hata usipoleta). Matti ni 24 Februari, Heikki 19 Januari, Lauri 10 Agosti, Mikko na ukoo wake 29 Septemba, Antti 30 Novemba, Tapani 26 Desemba ambayo ni siku ya Mtakatifu Stefano. Kina Yohana karibu wote wamerundikwa 24 Juni (Hannu na Hannes wako 27 Desemba), tarehe ya asili ya sikukuu ya katikati ya kiangazi inayoitwa juhannus, jina la sikukuu lenyewe ni Yohana. Kalle yuko 28 Januari pamoja na jina Mies, ambalo maana yake ni mwanaume, basi, wazazi hawakuzunguka.

Kuna mpaka misemo. Jaakko, 25 Julai, wanasema ndo anatupa jiwe la baridi majini, kuanzia hapo ziwa linaanza kupoa. Tuomas wa 21 Desemba ndo analeta Krismasi na Nuutti wa 13 Januari ndo anaiondoa. Siku ya Krismasi yenyewe haina jina la mtu.

Wafini wanaozungumza Kiswidi wana orodha yao tofauti, Wasami (wenyeji wa asili wa kaskazini) wana yao, Waorthodoksi pia. Juma na Baraka hawamo kwenye yoyote, kwa hiyo mtoto wako wa chekechea ataona wenzake wanapigiwa makofi na yeye siku yake haiji. Hii ni sababu ndogo lakini ya kweli kabisa ya kumwekea Olavi au Mikael kwenye nafasi ya pili.

HATUA YA 9: Funga mdomo, halafu peleka jina

Kwenye familia nyingi za Kifini jina ni siri mpaka siku ya ristiäiset, yaani ubatizo, au nimiäiset kwa wasio na dini. Mpaka hapo mtoto anaitwa kifurushi, kidogo, lolote. Usiwaulize, na kama umeambiwa usiropoke kwenye grupu la WhatsApp la familia, hilo kosa linakumbukwa mpaka harusi ya mtoto. Ubatizo mara nyingi unafanyika nyumbani au ukumbi wa kanisa, mchungaji anauliza jina la mtoto ndo watu wanalisikia mara ya kwanza, bibi analia akisikia jina la marehemu mumewe limo, halafu ni kahawa na keki. Gauni la ubatizo jeupe linarithiwa, mara nyingine limedariziwa majina ya wote waliowahi kulivaa, na mvulana anafungiwa utepe wa bluu.

Mkibatiza kwenye kanisa la Kilutheri au la Kiorthodoksi, kanisa ndo linalopeleka jina kwenye rejista. Msipobatiza, mnapeleka wenyewe DVV, kwa mtandao au kwa fomu. Hapo hapo mnaamua jina la ukoo: la mama, la baba, au la kuunganisha yote mawili kwa kistari au bila kistari, sheria ya 2019 imeruhusu. Na kama kwenu jina la mwisho la mtoto huwa ni jina la baba na siyo la ukoo, waelezeni desturi yenu, sheria ina nafasi kwa wenye uhusiano na nchi nyingine, hata wao wenyewe zamani walikuwa Matti Juhonpoika, Matti mtoto wa Juho, majina ya ukoo yakawa lazima kwa kila mtu 1921.

Kabla ya kubonyeza tuma, andika majina yote kwenye karatasi moja herufi kwa herufi, nukta za juu ya ä zikiwepo, na nakala hiyo hiyo ndo uende nayo ubalozini mkimwandikisha mtoto nyumbani. Tahajia mbili kwa mtoto mmoja zinakula miezi ya kufuatilia, na viapo vya mahakamani juu yake.